Chupa Isiyoisha

Mwaitu alinipigia simu nikiwa kazini na glavu mkononi, akaanza bila hata salamu.

"Hizi dawa zenu ni chaki," akasema.

Mwaitu ndiye mama yangu, na anaishi Kyuso. Ana goti ambalo limemsumbua tangu nikiwa shule ya upili, na dawa anayoitegemea ni parasetamoli ya dispensari, ile tembe nyeupe ya kawaida ambayo kila mtu hupewa, awe anaumwa kichwa, jino au mgongo. Kwa miaka mingi alikuwa akimeza mbili goti linatulia, anashika jembe. Sasa alikuwa anasema akimeza mbili ni kama amekunywa maji.

"Mwaitu, hizo dawa zimepimwa," nikamwambia. "Zimepita hapa hapa mikononi mwangu. Zimepasi."

"Zimepasi kwa nani? Hiyo mashine yenu ina goti?"

"Mwaitu, mimi ndiye nimesomea hii kazi!"

"Sawa, umesoma. Na mimi ndiye naumwa."

Akakata simu. Mwaitu huongea Kikamba, lakini hata nikimwandika kwa Kiswahili ulimi wake haupungui makali. Nilibaki nimefura mpaka saa ya chai.

Wakati huo nilikuwa kwenye maabara ndogo mjini Kitui, vyumba viwili nyuma ya ofisi za watu wakubwa kuliko sisi, kazi yetu ikiwa kupima dawa zinazoenda dispensari. Tulikuwa watatu tu: bosi, mimi, na mama mmoja wa makamo aliyetutangulia wote kazini, tuliyemwita Anti kwa heshima. Ukitaka kujua kama tembe ina dawa ya kutosha, unaisaga, unaiyeyusha, halafu unapitisha mwanga kwenye yale maji ndani ya mashine. Lakini mashine ni bubu. Haijui parasetamoli ni nini. Inachojua ni kulinganisha tu, hii imezuia mwanga kiasi gani na ile imezuia kiasi gani. Kwa hiyo lazima uwe na kitu cha kulinganishia, unga wa parasetamoli safi kabisa, usafi wake umethibitishwa na watu wenye mashine bora kuliko zako, umetoka ng'ambo ndani ya kichupa cha kahawia kinachotosha kufichwa kiganjani. Huo ndio tunaouita standadi. Si wa kumeza. Ni wa kupimia tu.

Mtu wa Kyuso angeelewa haraka nikimtajia gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka sokoni. Njaa ikiingia na watu wakaanza kununua mahindi, kuna wauzaji wanaogonga kitako cha ule mkebe kikabonyea ndani kidogo. Ukitazama juu, mkebe umejaa pomoni. Ukifika nyumbani, unga hautoshi sufuria. Mwaitu huenda sokoni na gorogoro yake mwenyewe kwapani, na hajali nani atanuna.

Sasa, standadi huisha. Kila ukipima unachota kidogo, na kidogo kidogo chupa inabaki tupu. Niliomba nyingine mpaka nikachoka kuisikia sauti yangu. Mtu wa ununuzi alinisikiliza akiwa ameegemea kiti.

"Parasetamoli?" akauliza. "Si iko kila kioski? Mnataka ya ng'ambo ya nini?"

Nikamweleza habari ya kulinganisha, nikamweleza tena, nikamchorea. Akaitikia kwa kichwa kwa upole wote, nami nikatoka nikijua tumeelewana. Wiki iliyofuata akatuletea, haki ya Mungu, katoni nzima ya parasetamoli ya maji ya watoto, yenye ladha ya stroberi. "Hii pia ni parasetamoli," akasema, "na ilikuwa inapatikana." Niliketi juu ya hiyo katoni nikajishika kichwa. Bosi akasema tuvumilie, bajeti inakuja. Bajeti ya nchi hii huwa inakuja tu, haifiki.

Lakini standadi haikuisha. Anti ndiye aliyeitunza, na ufunguo wa friji aliufunga kwenye pindo la leso. Yeye ndiye aliyepima unga, akauyeyusha, akatukabidhi maji maangavu kwenye chupa ya kioo. "Nyinyi watoto mnamwaga ovyo," alisema kila nilipojaribu kusaidia. Anti alikuwa shemasi kanisani kwake, mtu wa kuokoa kila kitu. Hakutupa kamba, hakutupa bahasha, hakutupa boksi la glavu. Mara moja moja nilijiuliza mbona hiyo chupa haiishi, nikajijibu kwamba Anti ni mbahili, basi.

Kilichonikosesha raha ni taa ya mashine. Tulipoweka standadi, namba iliyosomeka ilikuwa inashuka polepole, mwezi huu chini kidogo, mwezi unaofuata chini tena. Bosi akasema taa imezeeka. Nikaipigania taa mpya kwa barua na kwa mdomo, nikagombana na watu ambao mpaka leo hawanisalimu. Taa ikaja. Nikaifunga mwenyewe. Namba ikabaki pale pale chini. Bosi akakuna kidevu akasema, basi itakuwa ni stima ya Kitui, umeme wenyewe hauna nguvu.

Mwaitu akapiga tena.

"Nimeongeza," akasema. "Sasa nameza nne, ndiyo goti linasikia kidogo."

"Nne! Mwaitu, hiyo ni sumu! Parasetamoli ikizidi inaua ini!"

"Si nimekwambia ni chaki? Chaki inaua ini?"

"Si chaki! Ni nzuri, nakuapia! Rudi kwa mbili!"

"Nikirudi kwa mbili utakuja kunilimia?"

Nilisema shauri yako, nikajuta kabla simu haijakatika, na nikazidi kukasirika kwa sababu ya kujuta.

Kisha Anti akafiwa na shemeji yake kule Mutomo. Aliniachia ufunguo shingo upande, akanionya nisimwage. Nikachukua chupa ya kahawia kutoka kwenye friji, nikaiinua dirishani, na jambo la kwanza nililoona ni kwamba imejaa hadi shingoni. Nikasema labda ni macho. Nikapima unga, nikatia kwenye maji, nikatikisa. Standadi ikiyeyuka huacha maji maangavu, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Haya yakabaki na ukungu, na chini kukatulia utando mweupe. Nikapasha moto. Utando. Nikamwaga yote, nikaosha vyombo upya, nikaanza tena. Utando.

Aliyewahi kusaga tembe anaujua utando huo. Tembe haitengenezwi kwa dawa tupu, hutiwa wanga wa kuishikanisha ili isivunjike mfukoni, na wanga hauyeyuki kwenye maji hivi hivi. Lakini standadi haina wanga. Haiwezi kuwa na wanga! Nikatafuta ayodini, ile ile tuliyodondoshea viazi shuleni, nikaacha maji yapoe, nikadondosha tone moja. Yakageuka bluu iliyoiva mpaka ikawa nyeusi. Standadi yetu kutoka ng'ambo ilikuwa na wanga kama kiazi cha sokoni.

Sikupima kitu tena mpaka Anti aliporudi. Nilimpa pole ya msiba, nikamsubiri avue sweta, nikamwekea chupa mezani.

"Anti, hii imejaa vipi?"

Wala hakushtuka. "Nimekuwa nikiongezea," akasema. "Ilikuwa inaisha, na nyinyi mmeshindwa kuleta nyingine. Tukipima tembe zikapasi vizuri, nasaga mbili tatu, natia humo. Halafu nachuja yale machicha, ndiyo mnapata maji safi."

"Anti!"

"Usinipigie kelele, binti yangu. Sikuweka zozote zozote. Niliweka zilizopasi."

"Zilipasi kwa kulinganishwa na nini?"

"Na standadi."

"Standadi ipi?"

"Hii hapa."

Akaigusa chupa kwa kidole, kwa upendo kabisa. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kuipiga chupa ukutani. Ubaya ni kwamba nilijua alikoitoa akili hiyo, maana hata mimi nimelelewa nayo. Kwetu kila nyumba ina chungu cha mbegu. Ukivuna ndengu unachagua zilizojaa vizuri, unazichanganya na majivu zisiingie wadudu, unazitia juu ya zile zilizobaki mwaka jana, na chungu hakiachwi kitupu hata siku moja, kwa sababu mvua ya Ukambani haina adabu. Ndengu anazopanda Mwaitu ndizo alizopanda mama yake. Kwa mbegu, hiyo ni akili timamu. Lakini mbegu inazaa. Unga wa chupani hauzai! Kila Anti alipoongeza tembe, standadi ilipungua nguvu kidogo. Standadi ikipungua, tembe hafifu zinaonekana ziko sawa nayo, zinapasi. Zikishapasi, Anti anachukua hizo hizo anaziongezea chupani, nayo inazidi kushuka. Tulikuwa tumebonyeza kitako cha gorogoro yetu wenyewe, kisha tukadai taa mpya.

Bosi alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango. "Hili ni jambo la kuzungumzwa kwa utaratibu," akasema. "Kwanza tunywe chai."

"Bosi, watu wanameza hizi dawa!"

"Najua. Lakini tukisema, watauliza tangu lini."

"Si waulize! Acha waulize!"

Nafikiri walinisikia hadi stendi. Chai ililetwa, ikapoa, hakuna aliyeigusa. Anti alikaa pembeni na leso mdomoni, na nilipomwona mabega yake yanatikisika hasira ikanitoka kidogo, lakini ni kidogo tu. Mwishoni bosi alikubali tupime upya kwa standadi halali, kana kwamba kuna mtu alikuwa ameificha mfukoni.

Rafiki yangu tuliyesoma naye anafundisha chuo kule Makueni, na nilijua ana standadi yake. Nilimpigia, akanicheka, kisha akanionea huruma. Alikuwa anapitia Malili akielekea Nairobi, kwa hiyo tukapatana kukutana hapo. Ndivyo wanawake wawili wazima, wenye digrii, tulivyosimama kando ya barabara kuu, malori yakitupigia honi, tukipeana kichupa cha unga mweupe kilichofungwa ndani ya taulo la jikoni. Muuza vitunguu akatutazama, akahamisha meza yake kidogo. "Usiiongezee kitu," rafiki yangu akasema. Nikamwambia akiendelea na huo mzaha nitamsukuma barabarani.

Nilianza na tembe za Kyuso. Nilizipima mara mbili, kwa mikono yangu, hakuna aliyenigusia chombo. Zilikuwa na kama robo tatu tu ya dawa iliyoandikwa kwenye pakiti. Goti la Mwaitu lilikuwa limepima vizuri kuliko sisi sote, na mimi nilikuwa nimemwambia mara mbili kwamba linadanganya.

Nikaandika ripoti, bosi akatia sahihi. Na tazama kisirani cha dunia: ofisi ambayo haijawahi kufanya kitu haraka tangu ijengwe, mara hii ilifanya haraka. Kabla sijamaliza kupanga jinsi ya kumwambia Mwaitu, tembe mbovu zilikuwa zimeondolewa dispensari na nyingine zimepelekwa, za kiwanda kile kile, nyeupe vile vile, na ule mstari wa katikati vile vile, ila hizi zilikuwa kamili. Nilizipima kwa standadi ya Makueni, kwa hiyo nina hakika. Nikapiga simu Kyuso. Haipatikani. Simu ya Mwaitu huchajiwa dukani, na hulala huko akisahau. Nikampigia jirani yake.

"Mama yako yuko, hana neno," jirani akasema. "Anazisifu dawa mpya. Anasema sasa zinashika kweli kweli."

"Anameza ngapi?"

"Si zile nne zake."

Nne za zile hafifu, hata hapo alikuwa anacheza na ini lake. Nne za hizi nzuri, asubuhi, mchana na jioni, ni kumuua mtu kwa dawa ya kichwa. Na mimi ndiye nilikuwa nimezipigania zifike! Sikuomba ruhusa. Nilimwambia bosi naenda, nikachukua mkoba nikatoka.

Nilimkuta Mwaitu ameketi kwenye kigoda mlangoni, uso umesawijika, kikombe cha chai kando yake kimeota ngozi. "Karibu," akasema. "Goti limepona. Tumbo ndilo limeanza. Kila nikila kinarudi."

"Mwaitu, umemeza ngapi leo?"

"Nne, na nne."

"Zipi? Za zamani au mpya? Zilibaki za zamani?"

"Zilibaki. Ziko hapo."

Akanionyesha mkebe wa kakao kwenye rafu. Nikaufungua. Umejaa tembe nyeupe, zote sura moja. "Na mpya ziko wapi?"

"Hizo hizo. Nilimimina mpya juu ya zilizobaki, nikatikisa."

"Ulitikisa?"

"Ili zile mbovu zisije zikabaki zote chini."

Wueh. Nilisimama na huo mkebe nikahisi nimerudi maabara, nimesimama mbele ya Anti na chupa yake. Sikupiga kelele. Nilitamani, lakini Mwaitu alikuwa anatapika.

Jirani akatafuta gari, tukampeleka hospitali Mwingi. Daktari alikuwa kijana mpole, mwenye haraka. Nikamsimulia habari ya tembe mbovu na hizi mpya, akauliza maswali yote ya maana, kisha akauliza lile moja lililokuwa na uzito: kati ya tembe alizomeza tangu juzi, ngapi zilikuwa kamili na ngapi hafifu? Nikamwinulia mkebe. Nikajieleza kwamba mimi ndiye mpimaji wa dawa, kwamba nazijua bachi zote mbili, shehena ile mbovu na hii nzuri, kwamba nimezipima kwa mkono wangu. Akangoja jibu. Ningeweza kusaga kila moja iliyobaki na nisijue zilizokwisha kwenda tumboni.

"Basi tutachukulia zote ni kamili," akasema, akamtundikia dripu ya kulikinga ini, akatoa damu ipelekwe kupimwa. Damu ilipokuwa inapelekwa niliomba sana. Pia nilijizuia kwa nguvu zote nisimkimbilie mtu wa maabara yao kumuuliza standadi yake anaitoa wapi.

Ini lilikuwa limeguswa, lakini halikuharibika. Siku zikapita, chakula kikaanza kukaa tumboni, macho ya Mwaitu yakarudi kuwa makali. Alipoanza kuwakosoa manesi jinsi wanavyotandika vitanda, nilijua tumepona. Tukarudi Kyuso.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda na ule mkebe chooni na kuumwaga wote shimoni. Mwaitu alisimama mlangoni ameshika ukuta.

"Unatupa nzuri pamoja na mbaya?"

"Siwezi kuzitenganisha, Mwaitu."

"Na wewe ndiye mpimaji."

Akajikokota hadi kwenye kigoda, akaunyosha mguu, akauma meno. Goti lilikuwa limerudi, maana hospitalini walimkataza parasetamoli mpaka ini lipumzike, na sasa daktari alikuwa amemruhusu, mbili tu kwa wakati mmoja, bila kuzidisha. Nilikuwa nimekuja na pakiti mpya kutoka Kitui. Nikatoa mbili, nikaziweka kiganjani, nikachukua kikombe cha maji, nikamnyoshea.

"Zimepimwa?" akauliza.

"Zimepimwa."

"Kwa gorogoro ya nani?"

Nilikuwa nimemweleza kila kitu hospitalini, kumbe alikuwa anasikiliza. "Ya rafiki yangu wa Makueni," nikasema.

"Na yenu iko wapi?"

"Imeagizwa."

Akacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. "Hata sisi hapa tuliagiza maji ya mfereji."

Akausukuma mkono wangu taratibu. "Goti hili nalijua," akasema. "Nitakaa nalo."

"Mwaitu, tafadhali. Hizi ni nzuri. Nakuapia kwa Mungu."

"Na zile pia uliniapia."

Iliniuma kuliko kofi. Nilisimama pale nikiwa na dawa halali mkononi, kamili, safi, na mtu aliyeihitaji ameketi mbele yangu anaumia, na hakuna mashine Kitui wala Makueni ya kunisaidia. Kichwa changu kilikuwa kikinigonga tangu Mwingi, na Mwaitu alikuwa amenisikia nikilalamika. Sikufikiri. Nilizitupa zile mbili mdomoni, nikashushia maji ya kikombe chake.

Mwaitu alikigeuza kigoda, akaketi akinielekea, mguu mbovu ameunyosha mbele, akanikazia macho usoni.

"Haya," akasema. "Kichwa kikipoa, uniambie ukweli."